PELELEZA NCHI KABLA YA KUUZA SHAMBA

SOMO LA JUMA
Maandiko: Hesabu 13:1–33, Luka 14:28–30, Danieli 1:3–20, Matendo 16:6–10
Lengo: Kumsaidia mzazi, kijana na kanisa kuamua, kwa imani na kwa akili, kama mtoto aende kusomea udaktari ng'ambo.



Kila matokeo ya KCSE yakitoka, kuna mzazi anayekuja kwa mchungaji na barua mkononi. Mtoto amefanya vizuri, lakini KUCCPS haikumpa nafasi ya udaktari. Sasa chuo fulani cha China, au Urusi, au Georgia, au India kimemkubali. Ajenti anasema nafasi zinafungwa wiki hii. Mnunuzi wa shamba ameshapatikana. Mzazi anasema, "Mchungaji, tuombee barua hii, halafu kanisa litusaidie na harambee."

Kuomba tutaomba. Lakini ukimuuliza mzazi huyo maswali mawili matatu, chuo kinatambuliwa na nani, karo ya mwaka wa tatu itatoka wapi, utamwona amekunja uso. Anadhani unatilia shaka muujiza wake. Wengine husema wazi, "Mchungaji, tunatembea kwa imani, si kwa kuona."

Somo la leo ni la huyo mzazi. Ni la kijana aliyeshika barua. Na ni letu sisi tutakaoombwa kuchanga.

1. MUNGU ALIYEAHIDI NDIYE ALIYESEMA WAPELELEZE

Fungua Hesabu 13. Nchi ya Kanaani ilikuwa imeahidiwa tangu siku za Ibrahimu. Neno lilikuwa limeshatoka. Lakini Bwana mwenyewe anamwambia Musa atume watu 12, mmoja kutoka kila kabila, wakaipeleleze.

Ona pia vile Musa alivyowatuma. Hakuwaambia tu, "Nendeni mkaone." Aliwapa orodha ya maswali, iko katika aya ya 18 hadi 20. Watu wa huko wana nguvu au ni dhaifu? Ni wachache au wengi? Miji yao ina ngome au ni kambi tu? Udongo una rutuba au umechoka? Kuna miti au hakuna? Kisha akawaambia walete matunda ya nchi ile.

Basi kuuliza maswali si ukosefu wa imani. Kama nchi iliyoahidiwa na Mungu ilipelelezwa, chuo kilicholetwa na ajenti kitakosaje kupelelezwa? Ahadi haifuti upelelezi. Mwambie jirani yako hivyo, halafu mwandikie kwenye daftari.

Jambo lingine: wapelelezi walikaa siku 40. Ajenti anakupa mpaka Ijumaa. Mtu akikunyima muda wa kuuliza, jiulize anaogopa ujue nini.

2. MASWALI YA MUSA, MASWALI YETU

(a) "Udongo ukoje?" Chuo chenyewe kikoje?

Hapa Kenya mtu hawi daktari kwa sababu ana digrii. Anakuwa daktari akisajiliwa na Baraza la Madaktari, KMPDC. Aliyesomea ng'ambo hufanyiwa mtihani kabla ya kuruhusiwa kufanya mwaka wa uanagenzi hospitalini. Akianguka mtihani, digrii yake inakaa kabatini mpaka arudie na kupita.

Kwa hiyo swali la kwanza halihusu uzuri wa majengo kwenye picha. Uliza hivi: Baraza letu litakipokea cheti cha chuo hiki? Na alama za mtoto za KCSE zinatosha masharti ya Baraza? Kuna mtoto anayeweza kupokelewa na chuo cha nje kwa alama ambazo huku nyumbani zitamletea shida baadaye. Andikia Baraza, au nenda ofisini kwao Nairobi, upate jibu kwa maandishi kabla ya kulipa hata shilingi moja. Tena kuna orodha ya vyuo vya udaktari vya dunia nzima kwenye intaneti, inaitwa World Directory of Medical Schools. Kuitafuta ni bure. Kama chuo hakimo humo, funga mazungumzo. Kama kimo, hiyo ni hatua ya kwanza tu, bado Baraza.

Halafu fanya alivyosema Musa: lete matunda. Wale wapelelezi walibeba kichala cha zabibu kwa mti, watu wawili. Matunda ya chuo ni madaktari wake. Mwambie ajenti, "Nipe Mkenya aliyemaliza chuo hiki, akapita mtihani wa Baraza, na leo anatibu katika hospitali ya hapa Kenya. Nataka kuongea naye mimi mwenyewe." Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza bado ni ua. Wewe tafuta tunda.

(b) "Watu wa huko wakoje?" Lugha na wagonjwa

Kuna vyuo vya China vinavyofundisha udaktari kwa Kiingereza, na hiyo ni kweli. Lakini wagonjwa hawaumwi kwa Kiingereza. Mwanafunzi akifika wodini, mama mzee wa Kichina anaeleza tumbo linavyomkata kwa Kichina. Kama mtoto hakujifunza lugha kwa bidii, atasimama nyuma ya wenzake akitazama. Urusi na Georgia ni hivyo hivyo. Udaktari hushikwa kwa mikono, kando ya kitanda cha mgonjwa.

Tena fikiria magonjwa yenyewe. Mwezi Juni 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba China haina malaria tena. Tunawashukuria Mungu. Lakini daktari anayerudi kufanya kazi Busia au Kilifi atakutana na malaria kila siku, na huko alikosomea huenda aliisoma zaidi kwenye kitabu. Hili halimzuii mtu kwenda. Linamfanya apange mapema: likizo akirudi nyumbani, atafute hospitali ya kujifunza, asikae tu.

(c) "Ni wachache au wengi?" Piga hesabu

Kitabu chenyewe kinaitwa Hesabu, basi tupige hesabu. Na Bwana Yesu katika Luka 14 anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: ataketi kwanza, ahesabu gharama, aone kama anazo za kumalizia. Angalia, hakusema za kuanzia. Alisema za kumalizia.

Tuchukue mfano. Tuseme karo ni dola 5,000 kwa mwaka, na chakula, nyumba, bima na viza ni dola 3,000. Hizo ni 8,000. Kwa miaka 6 ni dola 48,000. Dola ikiwa shilingi 130, hiyo ni shilingi 6,240,000. Bado hujaweka tiketi za ndege. Sasa tuseme kipande cha shamba kimeuzwa shilingi 1,500,000. Mwaka mmoja unakula 1,040,000. Pesa za shamba zitakwisha kabla mwaka wa pili haujaisha. Mzazi, mwaka wa tatu utauza nini?

Na dola haikai mahali pamoja. Mwanzoni mwa 2020 dola moja ilikuwa kama shilingi 100. Januari 2024 ilipita shilingi 160. Baadaye ikashuka ikakaa karibu 130. Maana yake, karo ile ile ya dola 5,000, bila chuo kuongeza hata senti, ilitoka shilingi 500,000 ikawa 800,000. Mshahara wa mwalimu au faida ya kibanda haikupanda hivyo.

Mnara ukikomea katikati, Yesu anasema wapitao watacheka. Katika udaktari kuna zaidi ya kicheko. Mtu aliyeachia mwaka wa tatu hana cheti cha kufanya lolote. Hakuna nusu daktari. Na mara nyingi kijana huyo haambii mtu. Anakaa huko, viza imekwisha, anaona aibu kurudi kwa sababu anajua shamba liliuzwa kwa ajili yake. Wapendwa, hilo ndilo tunalotaka kuzuia.

(d) "Miji ina ngome?" Usalama wa nchi

Tarehe 24 Februari 2022 vita viliingia Ukraine. Maelfu ya wanafunzi wa nje, Waafrika wakiwemo, walikuwa wakisomea udaktari katika miji kama Kharkiv na Sumy. Walikimbia wakiwa na begi moja, wengine wakingoja siku kadhaa kwenye baridi ya mpaka. Wakati wa korona nao, China ilifunga mipaka Machi 2020, na wanafunzi wengi wa kigeni waliokuwa nje wakakaa zaidi ya miaka 2 bila kurudi darasani. Walisoma kwa simu. Kupasua na kushona hakufundishwi kwa simu.

Hakuna aliyejua mapema, na hatusemi mtu aishi kwa hofu. Tunasema uliza: kukitokea jambo, chuo kina mpango gani? Alama za mtoto zinaweza kuhamishwa kwenda chuo kingine? Na familia ina akiba ya tiketi ya kumrudisha nyumbani usiku mmoja?

(e) Njia ya kurudi

Wapelelezi walitumwa warudi. Mtoto naye atarudi, na baada ya mtihani wa Baraza kuna mwaka wa uanagenzi. Hapo pia tuambiane ukweli. Mwaka 2024 madaktari wetu walikaa kwenye mgomo siku 56, na jambo moja kubwa lilikuwa hao hao wanagenzi: kucheleweshwa kutumwa hospitalini, na malipo, serikali ikitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,400 za makubaliano ya 2017. Mzazi anayehesabu kwamba mtoto akishuka kwenye ndege tu ataanza kulipa madeni, ahesabu tena.

3. AJENTI, UNABII NA HARAMBEE

Ajenti wengi hulipwa na chuo kwa kila mwanafunzi wanayempeleka. Hiyo si dhambi, ni kazi. Lakini ijue. Ajenti huja na kichala cha zabibu tu, habari za majitu hasemi. Mjomba mwenye hofu naye huja na majitu tu, zabibu hakuziona. Wewe unahitaji ripoti nzima.

Karo ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, si kwenye simu ya mtu. Tunakumbuka mwaka 2023 wazazi walivyojaa barabarani Eldoret wakidai pesa walizolipa kwa mpango wa kaunti ya Uasin Gishu wa kupeleka watoto kusoma Finland na Canada, na mambo yakafika mahakamani. Wale walikuwa wazazi kama sisi. Waliuza ng'ombe, wakachukua mikopo ya SACCO, na wengine wao walichangiwa na makanisa.

Sasa tuseme juu ya unabii. Kuna kijana ameambiwa kwenye ibada, "Naona ndege, naona koti jeupe." Tunaamini Mungu anasema leo. Lakini 1 Wathesalonike 5:20–21 inatufundisha mambo mawili pamoja: tusidharau unabii, na tupime kila kitu. Neno likitoka kwa Mungu halitakufa kwa sababu ulipiga simu Baraza la Madaktari. Na ndege uliyoonyeshwa huenda ikapanda miaka 10 ijayo, ukienda kusomea upasuaji. Nabii asitumiwe kumnyamazisha mama anayeuliza karo itatoka wapi.

4. MLANGO MMOJA UKIFUNGWA

Matendo 16 inatuonyesha Paulo akitaka kuhubiri Asia, na Roho anamkataza. Anajaribu Bithinia, anakatazwa tena. Milango miwili imefungwa kwa mtume, na wito wake ulikuwa wa kweli! Anafika Troa, na hapo anapata maono ya Makedonia. Sasa angalia aya ya 10: mwandishi anaanza kusema "sisi". Ni Luka amejiunga na safari, yule ambaye Wakolosai 4:14 inamwita tabibu. Paulo alimpata daktari kwenye njia ambayo hakuipanga.

Kwa hiyo kijana, kama wito wako ni kutibu watu, China ni njia moja tu. Uganda na Tanzania ziko karibu, udaktari huko ni miaka 5, na mabaraza ya nchi za Afrika Mashariki hukagua vyuo pamoja na kutambuana. Makerere imefundisha madaktari tangu 1924. Basi la usiku linakufikisha Kampala, huhitaji viza, na malaria wodini utaiona. Hata huko, hakikisha chuo kimepitishwa, maana si vyote. Hapa nyumbani kuna KMTC: uafisa wa kliniki ni diploma ya miaka 3, na uuguzi, maabara na famasia pia zipo. Kijijini wagonjwa wengi huonwa kwanza na afisa wa kliniki, na wanamwita daktari bila kumuuliza cheti. Wapo walioanzia hapo, wakafanya kazi, wakajiendeleza hadi digrii kwa mshahara wao wenyewe.

Na mzazi, hili ni lako, tulipite haraka lakini tusilifiche. Wito ni wa nani? Eli hakumsikilizia Samweli sauti ya Mungu. Alimwambia arudi akalale, na akiitwa, aitikie mwenyewe. Muulize mtoto mkiwa wawili tu, bila wageni: "Kama tusingesema neno, wewe ungetaka kufanya nini?" Halafu nyamaza umsikie. Miaka 6 katika nchi ya baridi ni mirefu sana kwa mtu anayebeba ndoto ya mama yake.

5. UKISHAPELELEZA, AMUA

Somo hili lisiishie kwa hofu. Wale wapelelezi 10 hawakudanganya juu ya ngome na majitu. Kosa lao ni kwamba walijiona panzi. Kalebu aliona ngome zile zile, akawaambia watu wapande mara moja. Kwa hiyo kama umepeleleza, Baraza limejibu vizuri, umeongea na tunda la chuo, hesabu inafika mwaka wa 6, na mtoto mwenyewe anataka, basi usikae ukitetemeka. Mwachilie aende. Wako madaktari katika hospitali zetu leo waliosomea ng'ambo, na wanatutibu vizuri.

Lakini aende kama Danieli. Danieli alipelekwa Babeli akasoma miaka 3, lugha na elimu ya Wakaldayo. Hakudharau masomo ya kigeni, aliyasoma mpaka mwisho. Kuhusu meza ya mfalme, aliamua moyoni mapema. Hakuwa peke yake, walikuwa marafiki 4 wakiomba pamoja. Na mwishowe kulikuwa na mtihani mbele ya mfalme, naye akapita. Kijana, jifunze lugha, tafuta ushirika wiki ya kwanza, na ujue mtihani unakungoja nyumbani.

Na kanisa? Harambee ya siku moja ya kumsindikiza mtoto uwanja wa ndege ni tamu, kuna keki na picha. Shida huanza mwaka wa tatu. Afadhali tuchange kidogo kila muhula kwa miaka 6 kuliko kuchanga kwa kishindo mara moja na kusahau. Na kabla ya kuchanga, wazee wa kanisa waketi na familia, waone majibu ya maswali haya kwa karatasi. Hiyo si dharau. Ni upendo unaotaka mnara ufike juu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kwa nini Mungu aliagiza nchi ipelelezwe ilhali alikuwa ameshaahidi kuwapa?
2. Tofauti ya wapelelezi 10 na Kalebu ilikuwa nini, kama wote waliona mambo yale yale?
3. Je, kuna kijana wetu aliye ng'ambo ambaye hatujampigia simu tangu harambee? Nani atampigia wiki hii?
4. Utamjibu vipi mzazi anayesema kupiga hesabu ni kukosa imani?

KAZI YA WIKI

Familia yenye barua ya chuo iandike maswali matano ya sehemu ya 2 kwenye karatasi moja, na majibu kando yake. Palipo wazi, msilipe bado. Mleteni karatasi hiyo kwa mchungaji, tuiombee pamoja na hayo maswali.

SALA

Baba, tunakuletea watoto wetu na masomo yao. Utupe imani isiyoogopa kuuliza. Fungua mlango ulio wako, na ule usio wako uufunge kabla hatujauza shamba. Wale walio mbali usiku huu, wenye njaa na wenye aibu, uwatunze, na utukumbushe kuwapigia. Katika jina la Yesu, amina.